Picha za Miungu ya Kihindu Zilizochorwa kwa Wateja wa Kizungu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ni picha gani hasa zinazozungumziwa hapa?

Ni picha za rangi, nyingi zikiwa juu ya karatasi na nyingine juu ya vipande vyembamba vya ulanga, yaani madini yanayopitisha mwanga, ambazo wachoraji wa India walizichora kuanzia karne ya 18 hadi katikati ya karne ya 19 kwa ajili ya Wazungu waliokuwa wakiishi India au kupita huko: maofisa na askari wa Kampuni ya Uingereza ya India Mashariki, Wafaransa wa Puducherry, wamisionari, madaktari, majaji na wake zao. Wateja hao waliagiza picha za mambo mengi, kama vile ndege, mimea, majengo, mafundi wakiwa kazini, na watu wa kila tabaka pamoja na mavazi yao. Miungu ya Kihindu ilikuwa tawi moja la biashara hiyo, na ndilo linaloelezwa hapa. Wataalamu huziita picha za Kampuni, jina lililozoeleka ingawa halina haki sana, kwa kuwa linamtaja mnunuzi na kumwacha mchoraji, na tena wateja wengine hawakuwa watu wa Kampuni hata kidogo.

Je, desturi hii ilianza na Waingereza?

Hapana. Katika maktaba ya Casanatense mjini Roma kuna kitabu cha picha 76 za rangi za maji, kilichotengenezwa kwa ajili ya Wareno yapata mwaka 1540, ambacho kinaonyesha watu wa nchi zote ambazo Wareno walizifikia, kuanzia Afrika Mashariki na Arabuni hadi India na China; humo miungu ya Kihindu imechorwa pia. Mwanzoni mwa karne ya 18 Niccolò Manucci, Mwitaliano wa Venice aliyefika India akiwa kijana na kuishi huko maisha yake yote, aliwachoresha mafundi wa kusini picha za miungu na sherehe za Wahindu, na kazi hiyo ikasafirishwa Ulaya pamoja na maandishi yake.

Habari ya Bartholomäus Ziegenbalg inaonyesha jinsi jambo hili lilivyokuwa nyeti. Mmisionari huyo wa Kilutheri alifika mwaka 1706 katika mji wa Tranquebar, uliokuwa chini ya Wadenmark, akajifunza Kitamil kwa bidii, na mwaka 1713 akatuma Halle, Ujerumani, kitabu kizima kuhusu nasaba ya miungu ya watu wa kusini. Wakubwa wake walimjibu kwamba wamisionari wametumwa kuung'oa upagani, si kueneza upuuzi wake Ulaya. Maandishi hayo yalikaa bila kuchapishwa hadi mwaka 1867, na yalichapishwa Madras.

Kwa nini Mkristo anunue picha ya mungu asiyemwabudu?

Sababu zilitofautiana kwa mteja na kwa wakati. Iliyokuwa na uzito mkubwa ilikuwa utawala. Baada ya vita vya Plassey vya mwaka 1757, ambapo ilimshinda Nawabu, yaani mtawala wa Bengal, na hasa baada ya kupewa haki ya kukusanya kodi ya Bengal mwaka 1765, Kampuni ilijikuta inatawala mamilioni ya watu ambao haikuwaelewa. Mwaka 1772 Warren Hastings aliweka utaratibu kwamba mashauri ya Wahindu kuhusu ndoa, urithi na dini yaamuliwe kwa sheria zao wenyewe, na kuanzia hapo ujuzi wa vitabu na imani za Kihindu ukawa mtaji kwa kila ofisa aliyetaka kupanda cheo. Jaji William Jones alianzisha jumuiya ya wasomi mjini Calcutta mwaka 1784, na mwaka huohuo aliandika akiilinganisha miungu ya India na ile ya Wagiriki na Warumi. Msomaji wa Ulaya aliyelelewa kwa hadithi za Zeu na Apolo alitaka kuona sura za jamaa hao wapya, naye mchoraji ndiye aliyeweza kumwonyesha.

Kulikuwa pia na wapenzi wa kweli. Antoine Polier, Mswisi aliyeishi Faizabad na Lucknow, alikusanya picha na maandiko, akasomeshwa hadithi za miungu na mwalimu wa huko, na habari alizokusanya zilichapishwa mwaka 1809, yeye akiwa ameshafariki. Charles Stuart, ofisa mzaliwa wa Ireland, alishika desturi za Kihindu kiasi kwamba wenzake walimbandika jina la “Hindoo Stuart”. Yeye lakini alipendelea zaidi sanamu za mawe kuliko karatasi.

Wengine walinunua kama mtalii wa leo anavyonunua kinyago uwanja wa ndege. Halafu wako walionunua ili kulaumu. Bunge la Uingereza lilipofungulia wamisionari mlango wa India mwaka 1813, picha za miungu zilianza kunakiliwa katika majarida ya misheni ya Uingereza ili kuwaonyesha waumini giza ambalo sadaka zao zingelifukuza. Picha ile ile iliyomfurahisha jaji mwaka 1790 ingeweza kumtisha mtoto wa shule ya Jumapili mwaka 1820, bila mstari wake hata mmoja kubadilishwa.

Wachoraji walikuwa nani?

Wengi walikuwa mafundi wa kurithi, ambao baba na babu zao waliwafanyia kazi wafalme na watu wakubwa. Walipohamia kwa Wazungu hawakuwa wanagundua kazi mpya. Walikuwa wanafuata fedha zilikokwenda. Huko Murshidabad hadhi ya Nawabu iliporomoka baada ya Plassey, na njaa kuu ya mwaka 1770 ikamaliza kilichobaki, kwa hiyo familia za wachoraji zilitawanyika, nyingine zikaenda Patna, nyingine Calcutta. Wachoraji wa Patna, ambao wengi wao walitoka tabaka la Kayastha, walijulikana zaidi kwa picha za sherehe na za watu wa sokoni. Sewak Ram ndiye mmoja wa wachache wao ambao majina yao yamehifadhika, na picha zake kubwa za sherehe zilinunuliwa na watawala kama Lord Minto.

Kwa picha za miungu, hata hivyo, kitovu kilikuwa kusini: Thanjavur, Tiruchirappalli, Srirangam na Madras. Mafundi wa huko, ambao Wazungu waliwaita “moochy”, wengi wao walikuwa wasemaji wa Kitelugu ambao wazee wao walihamia nchi ya Watamil kufuata wafalme waliowaajiri. Waliweza kuchonga mbao, kupaka rangi matandiko ya farasi, kupamba kuta za majumba na kuchora picha za ibada. Mfalme wa Thanjavur, Serfoji wa Pili, aliyetawala kuanzia mwaka 1798 hadi 1832, alilelewa chini ya uangalizi wa mmisionari Mjerumani Christian Friedrich Schwartz na kuwa mpenzi mkubwa wa vitabu na sayansi za Ulaya. Chini yake mchoraji angeweza kufanya kazi ya kasri wiki hii na kazi ya kapteni Mwingereza wiki ijayo.

Majina ya mafundi hao wa kusini karibu yote yamepotea. Wanunuzi waliandika majina yao wenyewe kwenye jalada la albamu, lakini aliyeketi chini siku nzima na brashi ya nywele za mkia wa kindi hakuandikwa popote.

Picha hizi zinatofautianaje na picha za kawaida za Kihindu?

Tofauti ya kwanza iko kwenye rangi. Mchoraji wa India alizoea rangi nzito zinazofunika karatasi kabisa, tabaka juu ya tabaka, kisha kuzisugua kwa jiwe laini hadi zing'ae. Mteja wa Ulaya alipenda rangi za maji zilizo nyepesi, zinazoacha weupe wa karatasi upenye, na alipenda kuona kivuli upande mmoja wa mwili ili mkono uonekane mviringo. Fundi alijifunza yote mawili kwa kutazama michoro na picha za kuchapa kutoka Ulaya, lakini hakuyafuata kwa utii. Tazama ukurasa wa kawaida wa kusini wa miaka ya 1820. Chini kuna ukanda mwembamba wa ardhi ya kahawia au kijani; nyuma yake hakuna nyumba wala mti, ila anga inayoanza nyeupe na kukolea kuwa buluu kadiri inavyopanda. Katikati amesimama mungu mwenye mikono minne, amemkabili mtazamaji kama anavyomkabili mwabudu hekaluni. Miguu yake ina kivuli cha Kizungu kinacholala juu ya ardhi, lakini mapambo ya shingo, taji na mikunjo ya nguo vimechorwa kwa mistari ileile ya picha za ibada, lulu moja moja, bila kuruka hata moja. Mwili umekubali mtindo wa mgeni, vito vimekataa.

Tofauti ya pili ni ukubwa na mpangilio. Picha hizi zilitengenezwa zishikwe mkononi, zifunuliwe moja baada ya nyingine baada ya chakula cha jioni, na zisafiri kwa meli ndani ya sanduku.

Je, ziliabudiwa?

Kwa kawaida hapana. Katika ibada ya Kihindu sanamu au picha ya hekaluni hupewa uhai kwa taratibu maalumu, zikiwemo kuyafungua macho yake, na baada ya hapo kutazamana nayo ni tendo la ibada. Picha iliyouzwa kwa luteni wa jeshi haikupitia taratibu hizo. Thanjavur yenyewe ilikuwa, na bado ina, aina nyingine ya picha kwa ajili ya waumini: ubao uliopakwa chokaa na gundi, ukanyanyuliwa nakshi, ukafunikwa kwa karatasi ya dhahabu na kupachikwa vioo na vito. Hizo ziliwekwa katika vyumba vya sala. Picha za karatasi za Wazungu hazikuwa na dhahabu nyingi wala vito, na yeyote anayezichanganya aina hizi mbili atakosea kuelewa zote mbili.

Nitamtambuaje mungu ninayemwona?

Anza na mnyama anayempanda au aliye karibu naye, kisha tazama mikononi. Vishnu hupanda Garuda, aliye nusu tai nusu mtu, na hushika kombe la kupuliza, kisahani chenye makali, rungu na ua la yungiyungi. Shiva ana fahali Nandi, jicho la tatu kwenye paji, mwezi mwandamo nywelini na nyoka shingoni. Picha za kusini humpa pia shoka na paa mdogo anayerukaruka juu ya vidole vyake, jambo linalosaidia sana kujua kwamba picha imetoka huko. Brahma ana vichwa vinne na bata bukini. Ganesha, mwenye kichwa cha tembo na pembe moja iliyovunjika, huwa na panya na vitumbua vitamu. Murugan ana tausi na mkuki. Durga ana simba au chui milia. Yama, mungu wa mauti, hupanda nyati. Agni, mungu wa moto, hupanda kondoo dume. Na Kama, mungu wa mapenzi, hupanda kasuku akiwa na upinde wa muwa.

Wateja walipenda hasa mfululizo wa sura kumi ambazo Vishnu huzitwaa anaposhuka duniani: samaki, kobe, nguruwe mwitu, mtu-simba, kibete, Rama mwenye shoka, Rama mfalme, kisha Krishna, na wa mwisho Kalki, ambaye bado hajaja na anayechorwa na farasi mweupe. Nafasi iliyobaki huenda kwa Buddha au kwa Balarama, kaka yake Krishna, kulingana na mapokeo ya aliyepanga orodha.

Nani aliamua ni miungu gani iingie katika albamu?

Hili ndilo swali ambalo, kwa maoni yangu, linastahili kuulizwa kabla ya mengine yote, na jibu lake limo ndani ya albamu zenyewe. Mzungu alitaka mfumo. Alitaka Brahma, Vishnu na Shiva waje kwanza kama utatu, wafuatiwe na wake zao, kisha watoto, kisha walinzi wa pande nane za dunia, kila mmoja kwenye ukurasa wake kama mimea katika kitabu cha bustani. Kwa hiyo Brahma, ambaye mahekalu yake India nzima ni machache sana, maarufu likiwa lile la Pushkar, anapewa ukurasa wa mbele ambao hakuwa nao katika maisha ya kawaida ya waumini.

Lakini endelea kufunua. Katika albamu za kusini utamkuta Ranganatha amelala juu ya nyoka, yaani Vishnu jinsi alivyo katika hekalu la Srirangam hasa. Utamkuta Venkateshvara wa Tirupati na alama yake kubwa nyeupe ya paji la uso. Utawakuta Virabhadra, umbo kali la Shiva, na Aiyanar, mlinzi wa vijiji vya Watamil ambaye kwenye viwanja vyake wafinyanzi huweka farasi wakubwa wa udongo. Wasomi wa Calcutta waliokuwa wakitafsiri Kisanskriti hawakuwa na habari nyingi za mlinzi wa kijiji cha Kitamil. Mchoraji alimjua kwa sababu alipita mbele ya farasi wake. Mnunuzi alileta orodha, na fundi akaijaza kwa miungu ya mtaani kwake.

Picha za ulanga zilikuwa za nini?

Ulanga ni madini yanayochanika katika tabaka nyembamba zinazopitisha mwanga, na India ilikuwa nayo tele. Mafundi wa Tiruchirappalli, Murshidabad, Patna na Benares walichora juu yake seti ndogo za bei nafuu. Inadhaniwa kwamba desturi hiyo ilitokana na taa za ulanga uliopakwa rangi zilizobebwa katika maandamano ya Muharram. Zilivutia kwa kung'aa kwake, na seti nyingine zilikuwa za mchezo: kadi moja yenye uso na vipande vingi vya ulanga vyenye mavazi bila kichwa, ili mtazamaji avipachike kimoja baada ya kingine. Udhaifu wake ni kwamba rangi haishiki vizuri juu ya ulanga na hubanduka kama magamba, na ndiyo maana seti zilizosalia nzima ni adimu.

Maandishi yaliyo chini ya picha yanaaminika?

Yasome kwa tahadhari. Picha moja inaweza kuwa na jina kwa Kitelugu au Kitamil lililoandikwa na mchoraji au karani, na jingine kwa Kiingereza au Kifaransa lililoongezwa na mwenye albamu, wakati mwingine miaka mingi baadaye, akitegemea alichoambiwa na mtumishi wake. Majina hayo mawili yasipolingana, la lugha ya India ndilo la kuaminiwa kwanza. Tahajia ya Kizungu ya wakati huo nayo haikuwa na utaratibu, kwa hiyo jina linaloonekana geni lisome kwa sauti kabla ya kukata tamaa.

Umri wa picha hujulikanaje?

Ushahidi mzuri mara nyingi ni karatasi. Nyingi zilichorwa juu ya karatasi ya Ulaya, na ukiinua ukurasa kwenye mwanga utaona alama ya kiwanda, kwa mfano jina la J Whatman, pengine na mwaka. Kuanzia mwaka 1794 sheria ya Uingereza iliwapa watengenezaji sababu ya kutia mwaka, kwa kuwa karatasi yenye tarehe ilirudishiwa ushuru iliposafirishwa nje. Picha haiwezi kuwa ya zamani kuliko karatasi yake, ila inaweza kuwa changa zaidi, kwani karatasi ilikaa melini na ghalani kabla ya kuguswa na brashi.

Picha za Kalighat nazo ni za kundi hili?

Ni majirani, si ndugu wa tumbo moja. Wachoraji wa vijijini wa Bengal walihamia karibu na hekalu la Kali, mungu wa kike, huko Calcutta katika karne ya 19 na kuchora kwa haraka, kwa mistari minene, juu ya karatasi rahisi ya kiwandani. Wateja wao wa kwanza walikuwa mahujaji waliotaka kurudi nyumbani na picha ya Kali mwenye ulimi uliotoka. Wazungu walizinunua pia. Makumbusho ya Victoria and Albert mjini London yana mkusanyo mkubwa, sehemu yake ikiwa imekusanywa na John Lockwood Kipling na kutolewa na mwanawe Rudyard mwaka 1917. Rangi nyepesi na kivuli cha pembeni vinaonyesha kwamba wachoraji hao waliona kazi za Kampuni, lakini soko lao lilikuwa la waumini.

Kwa nini biashara hii ilikufa?

Kamera iliingia. Habari za upigaji picha zilitangazwa Ulaya mwaka 1839, na kufikia mwaka 1856 Bombay, Calcutta na Madras zote zilikuwa na vyama vya wapiga picha. Baada ya uasi wa Wahindi dhidi ya Waingereza wa mwaka 1857 Kampuni yenyewe iliondolewa madarakani mwaka 1858, na maofisa wapya, waliosafiri na wake zao na chuki zao, hawakuwa na hamu ileile. Miungu nayo ilihamia kwenye mashine za kuchapa. Raja Ravi Varma, aliyechora kwa rangi za mafuta kwa ustadi wa Kizungu, alifungua kiwanda cha kuchapa Bombay mwaka 1894, na picha zake za Lakshmi na Saraswati ziliingia katika nyumba za Wahindu wa kila hali. Msomaji wa Mombasa, Unguja au Dar es Salaam aliyewahi kuona kalenda ya Lakshmi nyuma ya kaunta ya duka la Mhindu amemwona mjukuu wa kazi hizo za kuchapa. Safari hii mnunuzi alikuwa mwabudu, ingawa kivuli cha Kizungu juu ya shavu la mungu kilibaki palepale.

Zinaonekana wapi leo, na je, mtu anaweza kununua?

Mikusanyo mikubwa iko London, katika British Museum, British Library na Victoria and Albert, na sehemu kubwa yake inatazamwa bure mtandaoni. India kwenyewe ziko katika Victoria Memorial mjini Kolkata (ndiyo Calcutta ya zamani), katika makumbusho ya Patna, na Thanjavur kuna maktaba ya Saraswathi Mahal iliyokuzwa na Serfoji. Usishangae ukifika na kukuta picha haijatundikwa: rangi za maji hufifia kwa mwanga, kwa hiyo huonyeshwa kwa muda mfupi katika chumba chenye mwanga hafifu na kurudishwa ghalani.

Picha halisi huuzwa minadani Ulaya na Marekani. Anayekusudia kununua India ajue kwamba sheria ya mwaka 1972 inakataza mtu binafsi kutoa nje ya nchi kazi ya sanaa yenye miaka 100 au zaidi. Ajue pia kwamba wachoraji wa Rajasthan hadi leo huchora picha mpya za watalii juu ya karatasi kuukuu za mahakama na za daftari za hesabu, na mhuri wa zamani kwenye karatasi hausemi lolote kuhusu umri wa rangi iliyo juu yake.